Friza ya Mama Mkwe

Machi 4

Mvua imeanza. Leo nguruwe wameingia vizimbani na mama mkwe ameingia chumbani kwangu. Sijui ni nani kati yao amelalamika zaidi.

Mke wangu ni mkunga. Amechaguliwa kwenda masomoni mji wa mbali, kozi ya masika nzima, na mama yake amekuja kumwangalia binti yetu, Kidege. Amekuja na begi moja na friza pana kama jeneza la tajiri. Anagandisha juisi kwenye vifuko na kuwauzia watoto wa shule iliyo jirani. Friza haikuingia jikoni wala kwenye korido, ikabidi ikae sebuleni. Mkwe naye halazwi sebuleni wala kwenye kijichumba cha Kidege, kwa hiyo kitanda nimemwachia yeye, mimi nimetandika godoro pembeni ya friza. Inanguruma, inanyamaza, inashtuka, inanguruma tena. Kama kulala na mzee mwenye pumu.

Kazini, swali letu ni jepesi kulisema. Soya imekuwa ghali, wafugaji wanauliza kama majani ya muhogo, yakikaushwa na kusagwa, yanaweza kushika nafasi yake katika chakula cha nguruwe wanaokua. Tuna vyakula vya aina tatu: kisicho na majani, chenye majani kidogo, chenye majani mengi. Kila nguruwe atavipitia vyote kwa zamu. Tunapima kinachoingia, tunapima kinachotoka, na kilichopungua ndicho mwili ulichokitumia. Sayansi yote ni hiyo. Kilichobaki ni kuvumilia harufu.

Machi 5

Mhudumu wa mabanda, tunayemwita Bwana Kesho, amekuja saa nne. Mvua, anasema. Mvua ilikatika alfajiri.

Machi 9

Mama mkwe haongei na mimi. Anaongea na Kidege, nami nikiwa nimesimama palepale.

"Kidege, mwambie baba yako viatu vya huko kwake visipite mlangoni."

"Baba, bibi anasema viatu visipite mlangoni."

"Mwambie bibi viko nje tangu jana."

"Bibi, viko nje tangu jana."

"Mwambie basi harufu imeingia peke yake, bila viatu."

Mtoto ana miaka mitano. Akikua na kuwa mkalimani wa mabunge, ajue alianzia wapi.

Nimejenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Naoga huko kwanza, nabadili nguo, ndipo naingia.

Machi 13

Leo nguruwe wamepewa mlo wenye rangi nyekundu. Rangi hiyo haimeng'enywi, inapita tumboni kama mgeni asiyekaa. Kinyesi kikitoka chekundu tu, tunaanza kukusanya. Hata usipolala, ukizubaa umepoteza.

Machi 14

Nyekundu! Bwana Kesho alipiga kelele kama mpira umeingia wavuni. Nikaja mbio na kopo. Mwanaume mzima, shahada mbili, nakimbilia mavi nikicheka.

Machi 18

Mwisho wa zamu ya kwanza. Asubuhi na jioni kupima, kuchanganya, kutoa sehemu, kufunga, kugandisha. Mkojo nao kwenye ndoo yenye tindikali, nitrojeni, ambayo ndiyo kipimo chetu cha protini, isitoroke. Mgongo unaniuma. Mvua.

Machi 19

Nimelala.

Machi 27

Lori la soya limekwama njiani. Hatuwezi kuchanganya chakula cha zamu ya pili. Daktari, mkuu wa kitengo chetu cha utafiti, anasema tusubiri. Ni mwanamke aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu tumbo la nguruwe. Akisema tusubiri, nasubiri.

Mke wangu alipiga simu.

"Mama anasemaje?"

"Anasema kupitia kwa Kidege."

Akacheka. "Mzoee tu. Hata baba alizungumza naye kupitia mbuzi."

Aprili 6

Nilikuwa naoga kwenye kibanda changu, jirani akamuuliza mama mkwe kutoka ng'ambo ya ua, mkweo anafanya kazi gani. Nikafunga maji nisikie.

"Ni daktari," akasema. "Yuko upande wa wanyama. Hospitali."

Nilikaa na sabuni mwilini mpaka ikakauka. Sikukasirika. Ila nimejua sasa kwamba kazi yangu, kwake, ni kitu cha kufunikwa na kitambaa.

Aprili 7

Mvua.

Aprili 16

Zamu ya pili inaendelea. Nguruwe tuliyempa jina la Mheshimiwa ana zamu ya majani mengi, na hataki. Anachambua pumba kwa ncha ya pua, majani anayapulizia sakafuni. Kila anachomwaga lazima nikiokote, nikikaushe, nikipime, nikitoe kwenye hesabu. Nilipiga magoti chini yake nikiokota unga na kijiko, yeye akiniangalia kwa juu. Heshima kwa mheshimiwa.

Aprili 21

Mke wangu anahitimu Mei thelathini. Amechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. "Uje," akasema. "Sitaki kutazama ukumbi mzima nisione mtu wangu."

Nimemwahidi. Zamu ya tatu inaisha mapema Mei. Nafasi ipo tele.

Aprili 25

Kidege ana homa. Mama mkwe hakulala, nami sikulala. Tulikaa kila mmoja upande wake wa mtoto, tukibadilishana kitambaa cha maji bila neno. Mkalimani alikuwa amelala. Asubuhi homa ikashuka. Mama mkwe akanisukumia kikombe cha chai mezani na kutazama dirishani, kama kikombe kimejisogeza chenyewe.

Mei 2

Nyekundu imetoka tena. Zamu ya mwisho. Nimechoka kiasi kwamba nilimjibu Daktari "Nyekundu" aliponiuliza habari za asubuhi.

Mei 8

Nitaandika yote, maana usingizi hauji.

Tulimaliza kukusanya jana jioni. Usiku upepo ukaangusha nguzo upande wa kitengo, transfoma ikaungua. Nilipofika asubuhi taa zote zilikuwa zimezimika, na friza yetu ya sampuli ilikuwa kimya. Ndani yake kulikuwa na zamu zote tatu.

Nikamtafuta Bwana Kesho tuwashe jenereta. Jenereta haina mafuta. Aliambiwa alete mafuta wiki iliyopita. Sikumuuliza angeleta lini, jina lake nalijua. Mafundi wa umeme wakasema si leo, pengine si wiki hii. Daktari yuko kwenye mkutano, simu haipokelewi. Nikaenda sokoni kutafuta barafu kwa wauza samaki. Wauza samaki wote walikuwa na shida ileile.

Mtaani kwetu umeme ulikuwepo. Sisi tuko kwenye laini ya hospitali.

Nilisimama mlangoni mwangu mwenyewe, nachuruzika maji, viatu mkononi. Mama mkwe alikuwa anafunga vifuko vya juisi. Kidege alikuwa shule. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia maneno.

"Mama," nikasema, "naomba friza yako."

Akainua kichwa. "Ya nini?"

"Sampuli zangu zinayeyuka."

"Sampuli ndiyo nini?"

Kwenye ripoti tunaandika kinyesi. Nilitafuta neno la adabu la kumwambia mama mkwe, nikalikosa.

"Mavi, Mama. Ya nguruwe. Na mkojo kidogo."

Alifunga kifuko alichokuwa nacho, fundo la kwanza, fundo la pili. Akakiweka chini taratibu.

"Baba Kidege. Friza hii inaingia midomoni mwa watoto wa watu."

"Najua, Mama."

"Nikiweka mavi humu leo, kesho nani atanunua barafu yangu? Hata ningeiosha kwa maji ya moto mwezi mzima, mimi mwenyewe ningejua. Wewe ungempa Kidege?"

Nisingempa. Ndiyo kwanza tumezungumza, na amesema kweli.

"Basi, Mama. Samahani." Nikavaa viatu, nikarudi kwenye mvua.

Kitengoni nilifunika friza kwa magunia na magodoro ya zamani, joto lisiingie. Bwana Kesho akanisaidia, aibu ilikuwa imemjaa. Halafu tukakaa tu, kama watu wa msibani. Nilihesabu miezi kichwani. Nilifikiria mgongo wangu. Nilifikiria wafugaji wanaongoja jibu, na kile kijiko chini ya Mheshimiwa.

Mchana ulikuwa umekwisha nusu nilipoona mwavuli unakuja kwenye tope. Chini ya mwavuli alikuwa mama mkwe, sketi ameikunja magotini, na nyuma yake mtu wa mkokoteni.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Mama, umesema—"

"Nimesema nilichosema. Ziko wapi?"

"Na barafu zako?"

"Nimegawa. Nimesimama kwenye geti la shule, nikagawa zote. Mtaa mzima watoto wana midomo myekundu." Akakung'uta mwavuli. "Usinishukuru. Sijafanya kwa ajili ya nguruwe. Nilikaa pale na vifuko vyangu nikawaza, huyu mtu nimemtoa kitandani kwake, nimemfukuza na viatu vyake, analala na mngurumo wa friza yangu masika nzima, na leo ndiyo mara ya kwanza ananiomba kitu. Nikamnyima. Halafu akaniomba samahani yeye! Kama ungegombana nami ningekaa nyumbani nimetulia."

"Biashara yako itakufa, Mama."

"Biashara ni yangu. Pakia."

Kabla ya kupakia akataka kuwaona. Nikampitisha vizimbani. Aliziba pua na kanga, akasogea mpaka kwa Mheshimiwa, wakatazamana muda mrefu.

"Huyu ndiye anayemwaga chakula?"

"Umejuaje?"

"Unapiga kelele usingizini."

Tukapakia. Za zamu ya kwanza na ya pili, zilizokuwa chini kabisa, zilikuwa bado mawe. Za zamu ya tatu zilikuwa juu kwenye friza iliyojaa pomoni, hazikuwahi hata kuganda sawasawa. Zilikuwa uji. Nilijua kabla sijafungua kifuniko: harufu ilikuwa imebadilika. Nilizipakia hivyohivyo, maana mama wa watu ametembea kwenye tope lote lile, sikuweza kumwambia palepale kwamba theluthi moja tumeipoteza.

Sasa hivi vitu vyangu vyote vimelala hapa pembeni ya godoro langu. Friza inanguruma. Chumbani mama mkwe anakohoa, naye hajalala.

Mei 9

Daktari amerudi. Nimemweleza.

"Zimeyeyuka kwa muda gani?"

"Siku nzima. Zilikuwa zinachacha."

"Zimeganda tena?"

"Zimeganda."

"Basi endelea. Pima, andika."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Daktari, nitrojeni imeshatoroka. Protini itaonekana imemeng'enywa zaidi ya ilivyo. Majani yatapendeza mno."

"Si ndivyo wafugaji wanavyotaka kusikia?" Akavua miwani akasugua macho. Nimeona jinsi alivyozeeka. "Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa. Kila jaribio lina tundu lake. Mvua haitaisha, pesa ya kulisha inaisha, na nguruwe wakikua zaidi hawatageuka vizimbani. Ukitaka kurudia, rudia. Mimi sina mtu wa kukupa."

Huyu ndiye aliyeniambia, nikiwa mwanafunzi, kwamba namba ya uongo hula mifugo ya watu. Sikumchukia. Nilimwona amechoka kama mimi, ila yeye amechoka kwa miaka mingi zaidi, na uchovu wa namna hiyo una mahali unapokufikisha.

Nimesema nitarudia.

Mei 11

Majani makavu yamekwisha. Lazima tukaushe mengine, na jua hakuna. Tumeyatandaza bohari nzima. Bwana Kesho amekuja saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nilidhani kuna msiba.

Mei 15

Bwana Kesho saa nne. Dunia imerudi mahali pake.

Mei 19

Majani yamekauka, nguruwe wanazoezwa upya. Nimepiga hesabu mara tatu, kila mara kwa matumaini mapya. Kukusanya kutaangukia Mei thelathini. Bwana Kesho peke yake siwezi kumwachia, Daktari ameshasema hana mtu wa kunipa. Nguruwe nao hawangoji, Mheshimiwa mabega yanagusa vyuma.

Nilimpigia mke wangu.

"Sitaweza kuja."

"Kuna nini?"

Nikaeleza. Friza, transfoma, uji, nitrojeni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mjinga.

"Kwa hiyo mkuu wako mwenyewe amekuambia si lazima."

"Ndiyo."

"Na wewe umeona ni lazima."

"Namba zitakuwa za uongo."

"Na ahadi uliyonipa mimi ilikuwa ya nini?" Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu. "Haya. Baki na nguruwe wako."

Akakata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakujifanya hakusikia.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Na Kidege. Nitakaa viti vya mbele."

"Mama, amekasirika."

"Ana haki. Mimi ningekuvunja mguu." Akageuka, akarudi. "Lakini rudia vizuri. Usije ukakosa mke na mavi vyote kwa pamoja."

Mei 26

Nyekundu. Hakuna aliyeshangilia.

Mei 30

Saa ile ya sherehe nilikuwa nimeinama na mizani. Nilijaribu kumwona akilini akiwa jukwaani, nikashindwa, nikaona tarakimu tu. Jioni nikapiga. Hakupokea. Baadaye mama mkwe akanipigia, makelele nyuma.

"Amesema vizuri. Watu wamesimama."

"Ameniuliza?"

"Hapana." Akasita. "Mtu mmoja kaniuliza mkwe wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anawapima nguruwe wanakula nini na wananya nini, ili watu wasipoteze pesa zao. Akasema, loo, kazi gani hiyo! Nikamwambia kazi mbaya si mchezo mwema."

Nyumba tupu. Nilikaa sebuleni na buti miguuni, hakuna wa kunikataza. Sikufurahia.

Juni 14

Mvua zimepungua. Tanuri, mizani, maabara. Mke wangu bado yuko kule, anamalizia zamu za wodini. Anampigia Kidege kila siku. Mimi ananisalimu.

Juni 20

Majibu yametoka. Majani kidogo: nguruwe wanakimeng'enya chakula karibu sawa na kile cha soya tupu. Majani mengi: mmeng'enyo wa protini unaporomoka, nyuzinyuzi zinazidi, nusu ya faida inaishia kwenye kopo langu. Kwa ajili ya kulinganisha tu, nilizipima pia zile sampuli zilizochacha. Kwa hizo, majani mengi yangeonekana mazuri kabisa.

Nilimpelekea Daktari kurasa zote mbili. Akazisoma akiwa amesimama. Akaichana ile moja vipande vidogo, akabaki na ya kweli mkononi.

"Utawaeleza wewe wafugaji," akasema. "Mimi nitakaa nyuma."

Juni 24

Wafugaji walijaa ukumbini. Niliposema majani mengi hayafai, walinuna. Mama mmoja, mfugaji mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasimama.

"Tangu masika ianze tunangoja utuambie majani ni chakula cha bure."

"Si bure, mama. Weka kidogo, upunguze soya kidogo. Ukizidisha watakonda."

"Nilishakata shauri niache kununua soya kabisa."

"Usiache."

Akanitazama kama naye ana mizani. "Basi umenikatisha tamaa," akasema, akaketi. Kisha kutoka kitini, "Afadhali unikatishe wewe kuliko nguruwe wangu."

Juni 28

Mke wangu amerudi leo mchana. Jua kali, matope yanakauka. Amekonda, macho yamezama. Alimbeba Kidege muda mrefu, akamkumbatia mama yake, akanipa mimi begi.

Mama mkwe akahamishia vitu vyake kwa Kidege bila kuombwa, akafunga mlango.

Tulilala chali, mchana kweupe, nguo hatujabadili.

"Haya niambie," akasema akitazama dari. "Mmegundua nini huko, kilichonifanya nitazame ukumbi mzima nisikuone?"

"Majani ya muhogo kidogo yanafaa. Mengi hayafai."

Akangoja. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Nikajua sasa ndiyo basi. Kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni.

"Nasi kule," akasema kwa shida, "kozi nzima, maprofesa, vyeti, wodi usiku na mchana. Mwishoni tukathibitisha kwamba mama mjamzito akilala na njaa, mtoto huzaliwa mdogo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu!"

Tulicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Kicheko kilipoisha tukasikia jinsi tulivyochoka, wote wawili.

"Lakini sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nakuambia ili usifikiri kicheko ni msamaha."

"Sifikiri."

Akavuta shuka, akajifunika, akageukia ukutani. Baada ya muda kidogo mkono wake ukarudi nyuma, ukasukuma sehemu kubwa ya shuka upande wangu.